Kabla Ubonyeze 'Sasisha', Jiulize Kesho Asubuhi Itakuwaje

Wasee, wacha nianze na swali mnaloniuliza karibu kila wiki: "Mashine yangu inasema kuna apdeti. Nibonyeze ama niwachane nayo?"

Mtu akiuliza hivyo anataka jibu la neno moja. Na wengi mtaani tayari wako na lao. Kuna kambi ya "bonyeza tu, ni bure": apdeti ikitoka asubuhi, jioni washaiweka. Halafu kuna kambi ya "kitu ikifanya kazi usiiguse". Hawa wamebonyeza "nikumbushe baadaye" hadi ile alama ya kwa kona imekuwa kama pambo. Wengine hata walimlipa fundi awazimie apdeti kabisa, wakatoka dukani wakitabasamu.

Mimi nimekaa kwa kambi zote mbili, na naona zote zinauliza swali la makosa. Zote zinauliza kama apdeti ni nzuri ama mbaya. Swali langu siku hizi ni hili: hii mashine ikikataa kuwaka kesho asubuhi, nitakuwa nimepoteza nini? Kama jibu ni "kitu siwezi kupata tena", basi saa haijafika, hata kama kila mtu unayemjua ameiweka na iko poa. Na kama jibu ni "nitasumbuka tu masaa mawili", bonyeza, usiogope.

Hii sikuisoma mahali. Niliilipia, na si mimi peke yangu niliyelipa.

Kuna mama wa ploti yetu, mlango wa tatu kutoka kwangu. Mamake alifariki, na mazishi yakapangwa Jumamosi huko ushago. Akaniletea simu yake Jumatatu, akaniomba nimtengenezee video fupi ya kumkumbuka marehemu, ichezwe kwa tenti watu wakiwa wamekaa. Simu ilikuwa na klipu 31. Nyingine ni sekunde kumi tu, nyanya akicheka, akimfukuza kuku. Moja ndefu alikuwa amekaa kwa kigoda akichambua maharagwe huku akiimba polepole, hajui anarekodiwa. Hiyo ndiyo nilipanga kufungia video.

Simu ilikuwa imejaa, hata picha moja zaidi haikubali. Nikahamisha klipu zote kwa laptopu yangu, kisha nikamwambia, "Mathe, sasa unaweza kuzifuta upate nafasi. Usijali, ziko salama kwangu." Akafuta, juu mimi ndiye niliyesema.

Jumatano usiku, saa nne hivi, mashine ikanionyesha kuna toleo jipya la mfumo. Nilikuwa nimechoka kuediti, nikaona nikilala ndio iendelee na kazi yake. Nikabonyeza. Laptopu yangu ni ya mtumba, na betri yake ilikuwa inashika dakika kumi ukibahatika. Apdeti ikafika kama asilimia sitini. Stima ikapotea ploti nzima.

Stima iliporudi, mashine ilikuwa inawaka, inajizima, inawaka tena. Halafu ikaleta ile skrini ya buluu yenye machaguo ya kurekebisha. Hapo ndipo nilipofanya kosa kubwa kuliko kubonyeza. Nilishikwa na baridi, nikafungua video fulani kwa simu, nikafuata maelekezo bila kusoma, nikachagua ile ya kuondoa kila kitu na kuanza upya. Nilidhani "kila kitu" ni mfumo tu. Kumbe kila kitu ni kila kitu.

Ijumaa asubuhi fundi mmoja wa Luthuli Avenue alinirudishia klipu 19 kwa programu yake ya kuokoa mafaili. Kumi na mbili zilienda. Ya maharagwe ilikuwa kati ya hizo.

Nimeeleza hii yote kwa sababu ukiangalia vizuri, apdeti yenyewe haikula klipu hata moja. Stima ilipokatika, mafaili bado yalikuwa kwa diski. Mara nyingi apdeti ikikwama huwa ni mfumo ulioumia, si mafaili yako. Ningetulia, ningepeleka mashine kwa mtu achomoe diski aiunganishe kwa kompyuta nyingine, ama aiwashe kwa flashi yenye Linux, na klipu zote 31 zingetoka. Kwa hivyo kabla ya ushauri mwingine wowote, shika huu: mashine ikikwama baada ya apdeti, usibonyeze kitu hujasoma hadi mwisho. Izime. Kunywa maji. Uliza mtu.

Sasa turudi kwa swali la lini.

Kitu cha kwanza ni kujua kuwa neno "apdeti" linabeba vitu viwili tofauti. Kuna masasisho madogo, yale ya kuziba mashimo ya usalama. Microsoft hutoa yake Jumanne ya pili ya kila mwezi, na kwa saa zetu hapa Kenya hiyo huangukia usiku, kati ya saa mbili na saa tatu. Halafu kuna toleo jipya zima la mfumo: kutoka Windows 10 kwenda 11, ama kutoka macOS ya mwaka jana kwenda ya mwaka huu. Hiyo ya kwanza ni kama fundi kuja kubadilisha kufuli. Ya pili ni kuhama nyumba. Huwezi kutumia sheria moja kwa zote.

Tuanze na ndogo, na tuanze na wale wa kambi ya "usiguse".

Tarehe 14 Machi 2017, Microsoft walitoa sasisho la kuziba shimo moja kwenye Windows. Lilikuwa bure. Watu na mashirika mengi wakaliangalia wakasema watalishughulikia baadaye. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo, siku 59 baadaye, programu hatari inayoitwa WannaCry ikapitia shimo hilo hilo. Ilifunga mafaili ya watu na kudai dola 300 za Bitcoin, na ukichelewa zinapanda hadi 600. Ilifikia kompyuta zaidi ya 200,000 kwenye nchi kama 150. Uingereza, hospitali za umma ziliahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa. Na usidhani zilikuwa mashine za kale zilizosahaulika: nyingi zilikuwa za Windows 7, ambayo wakati huo ilikuwa bado inapata masasisho. Dawa ilikuwa imetoka. Haikumezwa tu.

Kilichopunguza makali siku hiyo ni kijana wa miaka 22 huko Uingereza, Marcus Hutchins, aliyeona kuwa programu hiyo inaulizia anwani fulani ya intaneti ambayo haikuwa imesajiliwa. Akaisajili, na hiyo ikawa kama swichi ya kuizima. Ilikuwa bahati nzuri kwa dunia. Lakini wewe huwezi kupanga maisha yako ukingojea Marcus.

Kuna kitu hapa ambacho watu hawafikirii. Sasisho la usalama likitoka, wezi pia wanalisoma. Wanalinganisha ya zamani na mpya, wanaona shimo lilikuwa wapi, kisha wanatafuta nani bado hajaziba. Kwa hivyo kila wiki unayongoja baada ya dawa kutoka, hatari yako inapanda. Ukinunua mashine ya mtumba mjini na muuzaji akakuambia kwa majivuno "apdeti nimekuzimia, haitakusumbua", jua amekuuzia nyumba na akabaki na mlango wazi.

Haya, kambi ya "bonyeza tu", msicheke bado.

Oktoba 2018 Microsoft walitoa toleo kubwa la Windows 10, nambari 1809. Siku chache tu wakalisimamisha, kwa sababu kuna watu waliliweka na kukuta nyaraka na picha zao zimefutika. Na kuna watumiaji wa majaribio waliokuwa wameripoti hiyo kasoro mapema. Kampuni yenyewe ilisema ripoti za kupoteza mafaili zilikuwa sehemu moja ya mia ya asilimia moja, yaani mtu mmoja kwa kila elfu kumi. Inaonekana kidogo, sivyo? Lakini ukiwa wewe ndio huyo mmoja, kwako ni asilimia mia. Toleo hilo lilirudi likiwa limerekebishwa katikati ya Novemba. Mtu aliyengoja wiki sita hakukosa chochote.

Watu wa Mac pia msijione. macOS Big Sur ilipotoka Novemba 2020, baadhi ya MacBook Pro za inchi 13 za mwishoni mwa 2013 na katikati ya 2014 ziliishia skrini nyeusi.

Hata ndogo zinaweza kuleta ngori. Julai 19, 2024, kampuni ya usalama iitwayo CrowdStrike ilituma sasisho dogo la programu yake, na kompyuta kama milioni 8.5 za Windows zikaanguka duniani, ndege zikakwama, benki zikakwama. Hilo halikuwa sasisho la mfumo wenyewe, lakini somo ni lile lile: kitu kidogo kilichoharakishwa kinaweza kuangusha mashine nzima kwa siku.

Kwa hivyo ratiba yangu ni hii, na si lazima uikubali, lakini angalau ujue kwa nini.

Masasisho madogo ya usalama nayaweka ndani ya wiki moja. Nangoja siku tatu ama nne, naangalia kama kuna watu wanalia, kisha naweka. Habari zikisema shimo hilo tayari linatumiwa kushambulia watu, sisubiri, naweka siku hiyo hiyo baada ya kuhifadhi kazi yangu. Siendi zaidi ya wiki. Mwezi tayari ni kamari.

Toleo kubwa nalipa miezi miwili ama mitatu. Hapa huniiti mwoga peke yangu. Wale watu wa Ubuntu, kila baada ya miaka miwili wanatoa toleo la kudumu, na kama uko kwa toleo la kudumu la awali, wenyewe hawakuletei ujumbe wa kuhama hadi marekebisho ya kwanza yatoke. Toleo la 24.04 lilitoka Aprili 2024, 24.04.1 ikaja mwisho wa Agosti. Yaani waliopika chakula wenyewe wanasema wacha kipoe kwanza. Kwa Mac, mimi pia husubiri ile nambari ya nukta moja.

Ila kungoja kuna mwisho. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Najua wengi wenu bado mko nayo, kwa sababu Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa mashine nyingi za Intel inataka kizazi cha nane kwenda juu. Laptopu nyingi za mtumba hapa Nairobi haziko hapo. Hiyo haimaanishi ukae tu. Kuna mpango wa kuongezewa masasisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026, na unaweza kujiunga bila kulipa ukiingia na akaunti ya Microsoft na kuruhusu mipangilio yako ihifadhiwe huko. Baada ya hapo, badilisha mashine ama hamia Linux. Kukaa bila kinga na kujiambia uko makini ni kujidanganya.

Nasikia mtu akisema, "Hizo ni sheria za watu wenye waifai na jenereta." Na ako na point yake, siwezi kataa. Hizi apdeti zinaonekana kutengenezwa na mtu ambaye stima yake haijawahi kupotea. Zinakula gigabaiti kadhaa kama bando ni la mtu mwingine. Zinaamua kuwasha mashine upya kana kwamba huna kazi ya kupeana saa tatu asubuhi. Hasira hiyo naielewa kabisa. Lakini mwizi hajali bando lako. Na mambo mengi unaweza kuyapanga wewe kabla mashine haijakupangia.

Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya Windows Update. Hapo unaweza kusimamisha masasisho kwa muda, hadi wiki tano kwenye Windows 11. Itumie kuchagua siku, usiitumie kukimbia. Kama unatumia bando la simu, iambie mashine kuwa mtandao huo unalipiwa kwa kipimo, itaacha kushusha kila kitu kivyake. Weka pia saa zako za kazi ndio isijiwashe upya ukiwa katikati ya kitu.

Siku yenyewe ya kuweka, mimi huangalia mambo matano.

La kwanza, kazi. Kama kuna kitu cha kupeana ndani ya siku mbili, siguzi. Hapo Jumatano yangu ingeishia.

La pili, nakala. Kila kitu ambacho siwezi kutengeneza tena kiko sehemu mbili, na moja haijaunganishwa na mashine. Hiyo ya kutounganishwa ni muhimu, kwa sababu programu kama WannaCry hufunga hata diski ya nje ikiwa imechomekwa. Na nafungua faili mbili tatu kwa nakala kuhakikisha zinacheza. Nakala ambayo hujaifungua ni matumaini tu.

La tatu, stima. Chaja imechomekwa na betri ina uwezo wa kumaliza kazi peke yake. Betri yako ikiwa imekufa kama ile yangu ya zamani, peleka mashine mahali penye stima ya akiba, ama ubadilishe betri kwanza. Na angalia tokeni, tafadhali. Tokeni kuisha katikati ya apdeti ni aibu ya kujitakia.

La nne, nafasi. Diski iliyojaa hadi kooni ni njia rahisi ya kufanya apdeti ikwame. Acha gigabaiti za kutosha, na usifute ile folda ya mfumo wa zamani mara moja. Ukihamia toleo jipya la Windows, kwa kawaida una siku 10 za kurudi ulikotoka kama hujaipenda. Ukiifuta, mlango wa kurudi umefungwa.

La tano, ufunguo. Mashine nyingi za sasa hufunga diski kwa BitLocker bila wewe kujua, na baada ya apdeti inaweza kukuuliza ufunguo wa tarakimu 48. Kwa kawaida uko kwenye akaunti yako ya Microsoft. Uandike kwa karatasi kabla, juu ukishauhitaji, hiyo mashine haitafunguka ili uutafute.

Hayo yote yanachukua jioni moja. Ukiyafanya, hata apdeti ikiwa mbovu kiasi gani, utapoteza masaa na utakasirika, kisha utaendelea na maisha.

Yule mama nilimwambia ukweli Ijumaa asubuhi, kabla hajapanda gari. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Hakupiga. Alisema, "Sawa mwanangu, ni mashine." Video ya klipu 19 ilichezwa kwa tenti na wakaniambia watu walilia vizuri. Aliporudi Nairobi alinipita kwa ngazi, akasimama, akaniuliza kama ile ya maharagwe haiwezi kupatikana kabisa. Nikamwambia haiwezi. Akaitikia kwa kichwa akapanda.

Mashine iliwasha kesho yake baada ya kuwekewa mfumo upya. Inafanya kazi hadi leo, ndiyo hii ninaandikia. Kitu pekee ambacho hakikurudi ndicho nilichoambia mtu kiko salama.

Siku hizi mtu akinipa mafaili yake, sisemi "yako salama kwangu" hadi nihesabu nakala mbili, na simwambii afute kwake mpaka kazi iishe. Na hivi ninavyoandika ni Alhamisi, Jumanne ya pili ya mwezi imepita juzi, alama iko hapo kwa kona inanikonyeza. Niko na kazi ya kupeana Jumamosi. Itangoja hadi Jumapili mchana, stima ikiwepo, diski ya nje ikiwa imenakiliwa na kuchomolewa. Hapo nitabonyeza, niende kula.